Umesalimia Hata Mashini

Baraka, 11 Septemba 2023

Yaya Bertin,

Kaka yangu mukubwa, kama hii barua inanuka ndagala, usikasirike. Mama Saumu, jirani yetu, ameitia mu mizigo yake ya samaki mpaka Kalemie, na kule atamupa dereva wa camion wa kuja Lubumbashi aikuletee ku duka yenye unafanyia kazi. Simu tumepiga mpaka tumechoka. Mara inaita bure, mara mwanamuke anapokea, anasikia sauti yangu, anakata. Basi tumerudia kalamu kama bazee wa zamani.

Sisi huku tunapumua. Mama yetu Adolphine ameshuka toka Fizi, anaikala na sisi mpaka mvua ikate. Magoti inamuuma lakini kinywa iko nzima, anakusalimia sana. Willy mudogo wetu amebaki kule juu na mihogo yake, anakusalimia. Idi, rafiki yako, siku hizi anauza panneau za jua na batri ku soko, na anataka tumuite ingénieur. Anakusalimia. Aline ameanza mwaka wa kwanza ku masomo mwezi huu. Tulimununulia mufuko ya bluu, anaibeba hata akienda chooni. Naye anakusalimia, tena amesimama hapa nyuma yangu anahakikisha nimeandika.

Sasa neno lenyewe. Ile mashini ya michezo yenye uliunga kwa mikono yako ukisoma Bujumbura, ukatuachia siku uliondoka, njo imetulisha tangu pale. Unajua nilifungua salle ndogo, chumba ya michezo, nyuma ya nyumba. Vijana banakuja kucheza mpira na mbio za magari, kila muntu analipa mechi yake, na hiyo njo chakula, njo dawa ya Mama, njo masomo ya mutoto. Lakini mashini imezeeka, Yaya. Kijana anafika mbele ya goli, anapiga, na picha inaganda mupira ukiwa hewani. Kisha bote banapiga kelele na mimi njo ninarudisha feza. Siku zingine inachemuka mpaka inajizima yenyewe. Na sasa kuko jamaa amefungua salle ingine karibu na port ya boti, mashini zake mupya, na vijana bangu banaanza kupita mbele ya mulango wangu bila hata kugeuza shingo.

Kununua mupya siwezi. Niambie ni kitu gani ndani yake tunaweza kubadilisha kidogo kidogo, na tuanzie wapi. We njo uliizaa, we njo unajua kwenye inaumwa.

Mudogo wako,
Félicité


Lubumbashi, 16 Oktoba 2023

Mudogo wangu Félicité,

Barua imefika, na harufu yake imefika mbele yake. Patron wa duka ameuliza kama siku hizi tunatengeneza samaki.

Nashukuru Mungu muko hai. Nasalimia Mama Adolphine, musukie nywele kwa niaba yangu. Nasalimia Willy. Nasalimia Idi, mwambie ingénieur bila diplôme anaitwa fundi. Nasalimia Mama Saumu na samaki zake. Na nasalimia mashini yangu. Uipigepige mugongoni, uiambie sijaisahau. Mimi na muke wangu Dorothée tuko salama.

Kuhusu simu: iko na shida. Usipige tena. Andika ku adresse ya duka, na si ku nyumba.

Sasa sikiliza vizuri, usifanye haraka. Mashini ya zamani haifi kwa uzee, inakufa kwa vumbi na kwa watu wenye kukimbilia kununua. Mbele ya kutoa franka hata moja, uisafishe. Zima, chomoa, beba inje, fungua ubavu wa kushoto. Gusa kwanza chuma ya kasha kwa mukono mutupu, juu umeme wa mwili wako unaweza kuua kitu chenye hauoni. Tumia burashi laini ya rangi, mupya, haijaguswa. Kisha ondoa ile feni ya katikati taratibu. Chini yake utaona mafuta imekauka kama ugali wa jana. Pangusa, kisha tia hii pâte, mafuta yake mupya, nimekutumia mu tube, kiasi cha punje ya muchele, si zaidi. Hiyo njo itaponya kuchemuka.

Nimetia pia barrette mbili za mémoire, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, nimezitoa mu mashini ya ofisi moja yenye ilikufa. Zichomeke zote mbili, zisukume mpaka usikie zinalia tak. Ukimaliza, niandikie namna inaendelea. Niandikie kila kitu, hata kelele yake.

Yaya wako,
Bertin


Baraka, 27 Novemba 2023

Yaya Bertin,

Tumepokea, na asante. Mvua inanyesha, barabara ya Fizi imekuwa uji, kwa hiyo Mama bado iko na sisi. Anakusalimia. Willy alituma mihogo kwa pikipiki na salamu juu yake. Idi amekasirikia neno fundi lakini anakusalimia. Aline anajua tayari a, e, i, o, u, anaziandika ku ukuta na makaa, na ninamupigia kelele. Anakusalimia sana.

Mashini nimeifungua sawa ulisema. Yaya, mule ndani nilikuta kijiji. Vumbi nyekundu, mende na bajukuu zake, na kipande ya biskuti sijui iliingilia wapi. Nimesafisha, nimetia ile pâte, barrette zimelia tak. Sasa haijizimi tena, na feni inapumua polepole kama muntu alilala vizuri. Lakini bado inachelewa kuamuka. Ninaiwasha, ninaenda kuchota maji, ninarudi, bado inawaza. Na magari ikiwa mingi ku mbio, picha inaruka.

Barua yako tuliisoma sawa desturi ya nyumba yetu. Haujaisahau, nadhani. Chakula inaisha, sahani zinatolewa, bote banakaa, mimi ninasoma kwa sauti, na kila muntu akisikia jina yake anajibu, "Imenifikia." Mama alijibu akilia kidogo. Idi alijibu akitukana. Mama Saumu alikuwa amekuja kuomba chumvi, naye akajibu.

Umesalimia hata mashini, Yaya. Sitaki kuongeza kitu juu ya ile leo. Nimesema tu nimeona.

Félicité


Lubumbashi, 15 Januari 2024

Mudogo wangu Félicité,

Mwaka mupya ukuwe na baraka. Nasalimia Mama Adolphine, nasalimia Willy, nasalimia Idi mwenye hasira, nasalimia Mama Saumu, na bengine bote mu nyumba.

Mende na bajukuu zake bamenichekesha sana. Kuchelewa kuamuka si uzee, ni ile disque. Ya zamani inazunguka ndani kama sahani, inatafuta kila kitu kwa kuzunguka. Nimekutumia ingine, ndogo, haizunguki, inakaa mu kiganja. Nimekwisha tia system na michezo yote ndani, we chomoa nyuzi mbili za ile ya zamani, uchomeke hapa. Hii njo dawa ya bei ndogo kupita zote. Bantu bananunua mashini mupya mahali disque tu ingewatosha. Ile ya zamani usiitupe, kuko picha zangu za Bujumbura.

Kitakachobaki ni carte graphique, ile inachora picha. Hiyo inahitaji subira, bei yake iko juu. Lakini niko nafuata moja yenye muteja aliacha hapa bila kulipa kazi. Nikiipata, salle yako itakuwa ya kwanza Baraka nzima.

Niko na habari ingine. Dorothée iko na mimba. Mudogo wangu, nitakuwa baba kwa mara ya kwanza. Sijui hata namna ya kukuandikia furaha yangu. Waambie bote.

Yaya wako,
Bertin


Baraka, 26 Februari 2024

Yaya Bertin,

Disque imefika, nimeichomeka, na sasa mashini inaamuka mbele sijamaliza kufunga mulango. Vijana bamerudi, si bote, lakini bamerudi. Kwa hiyo ninakushukuru, na shukrani yangu ni ya kweli. Mama anakusalimia. Willy anakusalimia. Sasa acha nikuulize.

Mara ya kwanza?

Nimesoma ile fasi mara ingine na ingine, nikadhani macho yangu njo mabovu. Espérance haukumujua? Yule binti wa Burundi mwenye ulikuwa unamufuata mpaka kambi ya wakimbizi ya Lusenda kila Jumamosi na shati ya kupiga pasi? Alikuja hapa ku nyumba na tumbo yake, akakaa ku ile kiti ya plastiki, na we ukatoka kwa mulango wa nyuma, ukapanda boti ya Kalemie na mufuko moja. Uliacha mashini na uliacha mutoto, siku moja. Kwa mashini unatuma pâte. Espérance alikungoja, akazaa, akanyonyesha, na wakati balimuandikisha kurudi kwao alinipa mutoto mu mikono, akasema mutoto ni wa ukoo wa baba yake. Sikubishana naye, juu alisema kweli. Hata jina ya ukoo hakuna mwenye alimupa. Unajua kwetu baba njo anatoa jina. Espérance alingoja wee, kisha akamupa jina ya infirmière mwenye alimuzalisha.

Nitakuambia kitu chenye sijaambia muntu. Nikisoma barua zako kwa sauti, baada ya Idi na Mama Saumu, mimi ninaongeza: "Na ninasalimia Aline, binti yangu." Ninaisoma kama imeandikwa pale. Na mutoto anajibu "Imenifikia" kwa sauti yenye majirani banasikia. Mama anajua. Ananiangalia tu, kisha anaangalia chini.

Lakini sasa niko na shida. Ameanza kuunga herufi. Wiki iliyopita amesoma "sa-bu-ni" ku karatasi ya sabuni, peke yake, hakuna mwenye alimusaidia. Mwalimu wake anasema mbele mwaka wa masomo uishe atasoma kila kitu. Siku moja ataomba barua yako aishike yeye mwenyewe, na nitamukatalia kwa neno gani? Atatafuta fasi yake na hataiona.

Kwa hiyo ninakuomba, Yaya, na unajua sina tabia ya kuomba. Carte usitume. Kama lazima uchague, acha carte, andika jina. Herufi tano. Si lazima umutumie kitu, si lazima uje. Muandike tu mu salamu, kati ya Willy na Idi, fasi iko. Wivu yangu njo hiyo: vyuma unavijua kwa jina, kila kimoja.

Félicité


Lubumbashi, 8 Aprili 2024

Mudogo wangu Félicité,

Barua yako nimeipata, nimeisoma, nimeielewa. Nasalimia Mama Adolphine, nasalimia Willy, nasalimia Idi, nasalimia Mama Saumu. Tumesikia ku radio kwamba maji ya ziwa inapanda upande wenu, angalieni nyumba.

Carte nimeipata. Nimefanya kazi ya miezi kwa ajili yake, patron alinikata ku mushahara. Ni kubwa, utaona, nzito kama tofali, iko na feni zake mbili. Haiwezi kula umeme wa kawaida, kwa hiyo nimekutumia pia alimentation ingine ya nguvu, ile boksi ya chuma yenye nyuzi nyingi. Toa ya zamani, tia hii. Carte isukume mu nafasi ndefu, funga vis, zile skrubu zake, kisha usisahau uzi wake wa pekee wenye matundu sita. Pale Baraka batakuambia haiwezekani. Usibasikilize. Bantu ba kule bako na woga ya kila kitu kipya. Fanya sawa nimeandika.

Kuhusu mambo ingine, si vitu vya kuandika ku karatasi. Siku moja tutaongea uso kwa uso. Nadhani na hii carte unaona moyo wangu.

Yaya wako,
Bertin


Baraka, 20 Mei 2024

Yaya Bertin,

Mama anakusalimia, iko na homa kidogo. Maji imekwisha kula nyumba za mwisho upande wa ziwa, kwetu bado. Willy ameshuka kutusaidia kuinua vitu, anakusalimia. Aline anakusalimia.

Carte imefika. Nilikuwa nimeapa sitaigusa. Ikakaa ku kabati wiki moja, na vijana banauliza kila siku, na Mama akasema mukubwa akituma kitu, tunakitumia. Nikamuita Idi aangalie. Ameishika, amesoma namba nyuma, akanirudishia. Akasema, "Félicité, hii inakula kuliko nyumba yako nzima. Niko na akili ya batri, amini mimi." Nikamuonyesha barua yako, fasi umeandika usibasikilize. Akacheka bila kuonyesha meno, akaenda.

Nimeitia sawa umeandika. Vis, uzi wa pekee, yote. Imewaka. Yaya, dakika chache zile zilikuwa nzuri, sitakataa. Majani ya uwanja ilionekana moja moja. Vijana bote balisogea karibu. Kisha convertisseur, ile boksi yenye kugeuza moto wa batri ukuwe umeme wa nyumba, ikaanza kulia kama mbuzi. Nikakimbia kuchomoa. Moshi ikatoka kule, na mara hiyo hiyo ikatoka ku mashini. Convertisseur imekufa. Carte mère, ule ubao mukubwa wa ndani ya mashini, imeungua, Idi ameangalia, anasema hakuna kitu cha kuponya. Batri moja imevimba.

Huku tunaikala na jua, Yaya. Panneau mbili ku paa na batri mbili chini ya kitanda. Ulizipanga mwenyewe na Idi mbele haujaondoka. Kule kwako unachomeka ku ukuta, na umesahau kwamba sisi hatuna ukuta wa namna ile. Sikulaumu kwa kusahau nyaya. Ninakulaumu juu umesahau nani anaikala mu hii nyumba, na ukatuandikia tusisikilize muntu mwenye anakumbuka.

Salle nimefunga.

Kwa hiyo sasa hatuna tena mashini ya kuongea. Imebaki ile kitu ingine. Aline anasoma sasa. Anasoma mubao wa pharmacie, anasoma mifuko ya simenti, anasoma T-shirt za bantu mu kanisa na ninamufinya. Amekwisha niambia: barua ya baba ikija, yeye njo atasoma, mimi nitakaa na bengine. Nimekubali, juu nimechoka kusema uongo vizuri. Unajua sasa. Barua yako ya kuja, msomaji wake ni yeye.

Félicité


Lubumbashi, 24 Juni 2024

Félicité,

Nasalimia Mama Adolphine, apone haraka. Nasalimia Willy. Nasalimia Idi.

Nimekasirika sana. Mashini ile niliiunga kipande kwa kipande, nikila mukate mukavu Bujumbura, na we umeiua siku moja. Ungepima kwanza. Ungeuliza convertisseur ni ya nguvu gani. Kweli, nilisahau mambo ya batri, nakubali, lakini we njo uko pale na macho. Kama carte yenyewe haijaungua, unirudishie, niko na muteja.

Lakini sitaki kuandika hasira tu, juu niko na furaha kubwa. Binti wangu wa kwanza amezaliwa tarehe 3 Juni. Dorothée iko muzima. Nimemupa jina Adolphine, sawa desturi yetu, binti wa kwanza anabeba jina ya mama ya baba. Mwambie Mama, atafurahi.

Ombi moja. Usiandike tena juu ya yule mutoto wa Lusenda. Dereva alipeleka barua yako ya mwisho ku nyumba badala ya duka, na ilibaki kidogo tu Dorothée aifungue. Niko na nyumba ya kulinda sasa. Ninaomba unielewe.

Bertin


Baraka, 5 Agosti 2024

Bertin,

Barua yako imefika Ijumaa. Mama Saumu aliileta na Aline aliipokea ku mulango. Nilikuwa nikisafisha sufuria. Nilipoiona mu mikono yake nilisema nipe nipanguse, imenuka samaki. Akasema samaki haisumbui.

Tumekula. Sahani zimetoka. Mama alikuwa ku kitanda yake, tumemuinua kwa mito. Willy alikuwa hapa. Idi alikuja juu nilimuita, sikutaka kuwa peke yangu. Aline amekaa ku mukeka, barua ku magoti, kidole chini ya neno. Amesoma polepole. Amesoma Mama Adolphine, Mama amesema imenifikia. Amesoma Willy, Willy amejibu. Amesoma Idi. Kisha amesubiri kidogo, ameangalia karatasi, ameendelea. Fasi ya hasira amepita juu yake bila kuelewa, maneno ya mashini ni magumu. Nilikuwa ninamuomba Mungu achoke.

Amefika ku "bi-nti wa-ngu wa kwa-nza". Amesimama pale. Ameinua kichwa, ametuangalia bote, moja moja, kama muntu mwenye amepata kitu chake chenye kilipotea. Kisha amesema, "Imenifikia." Hakusema kwa kelele, sawa mara zingine. Amesema polepole.

Nilinyoosha mukono kuchukua karatasi, nikamuambia inatosha, leo umesoma vizuri, tutamaliza kesho. Akasema hapana Shangazi, bado kidogo. Na ameendelea, juu amejua kusoma na hakuna mwenye anaweza kumurudisha nyuma. Amesoma tarehe 3 Juni. Amesoma Dorothée. Amesoma Adolphine, na Mama, mwenye alipaswa kujibu, amegeuza uso ku ukuta. Amesoma "yule mutoto wa Lusenda". Lusenda anaijua. Tumemuonyesha mwenyewe, tukipita, fasi alizaliwa.

Amesoma mpaka jina yako chini. Hakulia. Nilitamani alie, ningejua cha kufanya na mutoto analia. Ameikunja sawa ilikuwa imekunjwa, ameipanga mistari ku mistari, ameniletea.

"Shangazi," amesema, "hii barua si yetu. Irudishe kwenye imetoka."

Ninairudisha. Carte haikuungua, Idi ameipima. Iko hapa mu kitambaa, upe muteja wako. Disque ya picha zako za Bujumbura iko chini yake. Chumba ya salle nimemupangisha Idi, ataweka batri za kuchaji simu, na feza yake itatosha masomo. Mama amekataa nikuandikie salamu zake. Mimi pia sina.

Aline ndiye ameandika adresse huku inje ya kifurushi. Nimemuelekeza herufi tu.

Félicité